Jozi ya Maaskofu na Askari Anayetolewa kwa Ajili Yake

Tabaka imo katika eneobunge la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Jiwe la sabuni linalochimbwa Tabaka huchongwa vinyago, bakuli na sahani, na kwa miaka mingi limechongwa pia seti za chesi zinazouzwa Nairobi na ng'ambo. Mchongaji hulilowesha jiwe majini, hulipunguza kwa panga, hulitia umbo kwa kisu, kisha hulisugua kwa msasa hadi linateleza. Katika kila seti huchonga maaskofu wanne, wawili wa rangi nyeupe na wawili wa rangi iliyokolea. Wale wawili wa upande mmoja hulingana kwa kila hali, na mtu akiwabadilisha nafasi kabla ya mchezo hakuna atakayegundua. Hata hivyo, mchezo ukishaanza, wawili hao hawatakanyaga mraba mmoja kamwe, hata wachezaji wakikaa ubaoni siku nzima. Ukweli huo mdogo ndio asili ya kanuni ambayo wachezaji wenye ujuzi huithamini kiasi cha kutoa kete zao bure ili wanufaike nayo. Makala haya yanaieleza kanuni hiyo kuanzia chini kabisa.

Tuanze na ubao. Ubao wa chesi, au sataranji kama vitabu vingi vinavyouita mchezo huu, una safu nane za kulala na safu nane za kusimama, hivyo una miraba 64. Safu za kusimama huitwa kwa herufi, kuanzia a mkono wa kushoto wa mchezaji mweupe hadi h mkono wake wa kulia. Safu za kulala huhesabiwa kwa tarakimu, kuanzia 1 karibu na mchezaji mweupe hadi 8 upande wa mwenzake. Kila mraba basi una jina lake: mraba wa kona ya kushoto ni a1, na jirani yake wa juu ni a2. Miraba 32 ina rangi nyeusi na 32 ina rangi nyeupe, na a1 daima ni mweusi. Asiye na seti ya jiwe anaweza kuchora ubao huu kwenye kadibodi na kutumia vizibo vya soda vilivyoandikwa majina ya kete. Hesabu zote zitakazofuata zitabaki zilezile.

Mshazari ni mstari wa miraba inayogusana kwa pembe, kama vile a1, b2, c3, d4. Askofu hutembea kwenye mishazari tu, umbali wowote, mradi njia haijazibwa na kete nyingine. Sasa tuzipe herufi tarakimu: a iwe 1, b iwe 2, na kuendelea hadi h iwe 8. Ukijumlisha tarakimu ya herufi na tarakimu ya safu, kila mraba mweusi utatoa jumla shufwa, na kila mraba mweupe utatoa jumla witiri. Mraba a1 ni 1 na 1, yaani 2. Mraba b1 ni 2 na 1, yaani 3. Askofu anaposogea hatua moja ya mshazari, herufi hubadilika kwa moja na safu hubadilika kwa moja. Zote mbili zikiongezeka, jumla huongezeka kwa 2. Zote zikipungua, jumla hupungua kwa 2. Moja ikiongezeka na nyingine ikipungua, jumla haibadiliki. Kwa njia yoyote ile, shufwa hubaki shufwa na witiri hubaki witiri. Askofu aliyeanza kwenye rangi nyeusi atafia kwenye rangi nyeusi.

Uwezo wa kete hupimwa kwanza kwa idadi ya miraba ambayo kete hiyo inaweza kuifikia kwa hatua moja ubao ukiwa mtupu. Tuihesabu kwa askofu. Ubao unaweza kutazamwa kama pete nne, moja ndani ya nyingine. Pete ya nje ina miraba 28, na askofu akiwa popote kwenye pete hiyo hufikia miraba 7. Pete ya pili ina miraba 20, naye hufikia 9. Pete ya tatu ina miraba 12, naye hufikia 11. Katikati kabisa kuna miraba 4, naye hufikia 13. Zidisha na kujumlisha: 196, na 180, na 132, na 52, jumla 560. Gawanya kwa 64, upate wastani wa 8.75. Msomaji akimhesabu farasi kwa njia hiyohiyo atapata wastani wa 5.25. Ngome hufikia miraba 14 popote ilipo.

Hapa panazuka swali. Ikiwa askofu hufikia miraba mingi hivyo kumzidi farasi, mbona vitabu vya mafunzo huwapa thamani inayolingana? Jibu limo katika ule uthibitisho wa shufwa na witiri. Farasi hubadilisha rangi kila anaporuka, kwa hiyo akipewa muda atafika kwenye kila mraba wa ubao. Askofu ana kasi, lakini nusu ya ubao imefungwa kwake maisha yake yote. Adui akimweka mfalme na askari wake kwenye rangi nyingine, askofu huyo hupita kando yao bila kuwagusa.

Fikiria mwenye shamba la ndizi aliyeajiri mlinzi wa mchana. Akiongeza mlinzi wa pili wa mchana, amepata msaada kidogo, kwa kuwa usiku shamba bado halina mtu. Akiongeza mlinzi wa usiku, amepata kitu ambacho mlinzi wa kwanza hakuweza kukitoa kwa bidii yoyote. Farasi wawili hufanana na walinzi wawili wa mchana: kazi anayoiweza mmoja, mwenzake naye anaiweza, hivyo kwa sehemu wanarudia kazi. Maaskofu wawili hawarudii kazi hata kidogo. Kila mmoja hufika palepale ambapo mwenzake hawezi kufika, na udhaifu mkubwa wa askofu, ule wa kufungiwa rangi moja, hutoweka wawili hao wanapokuwa pamoja. Hii ndiyo maana ya jozi ya maaskofu: upande mmoja una maaskofu wake wote wawili, na upande wa pili umempoteza angalau mmoja wa wake.

Jozi hii ina nguvu nyingine isiyoonekana kwa kuhesabu miraba peke yake. Weka askofu mmoja kwenye d4 na mwenzake kwenye e4, kisha weka mfalme wa adui kwenye b5. Askofu wa d4 anaulinda mshazari wa c5, b6 na a7. Kama angekuwa peke yake, mfalme angevuka kwa hatua moja kutoka b5 hadi c6, akipenya kati ya c5 na b6 bila kukanyaga hata mmoja kati yao. Mshazari mmoja una mwanya kila pembe mbili zinapokutana. Lakini askofu wa e4 anaulinda mshazari wa pili, d5, c6, b7 na a8, ulioambatana na ule wa kwanza, na ule mwanya umezibwa. Kwa sababu hiyo mfalme na maaskofu wawili wanaweza kumpa mati, yaani shambulio asiloweza kulikwepa, mfalme aliye peke yake, na kompyuta zimeonyesha kwamba kazi hiyo haizidi hatua 19 ikichezwa bila kosa. Mfalme na farasi wawili hawawezi kuilazimisha mati hiyo kabisa.

Inafaa kukumbuka kwamba askofu wa leo ni kete mpya kiasi. Katika sataranji ya zamani ya Waajemi na Waarabu, mahali pake palikaa tembo, aliyeruka miraba miwili kamili ya mshazari, si zaidi wala si pungufu. Ukifuata mirukao yake utakuta kwamba tembo mmoja hufika kwenye miraba 8 tu kati ya 64. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya ya kusini, tembo aliachiwa atembee mshazari mzima, na jozi ya leo ikazaliwa hapo. Wilhelm Steinitz, aliyekuwa bingwa wa kwanza rasmi wa dunia mwaka 1886, ni miongoni mwa wa mwanzo kuifundisha faida hiyo kama kanuni.

Faida ni kiasi gani? Wachezaji huipima thamani ya kete kwa kipimo cha askari mmoja. Mwanafunzi hufundishwa kwamba askari ni 1, farasi na askofu ni 3 kila mmoja, ngome ni 5 na malkia ni 9. Mwaka 1999 Mmarekani Larry Kaufman, mchezaji aliyeshiriki pia kuunda programu za chesi, alichapisha matokeo ya kuchunguza michezo karibu 300,000 ya wachezaji wenye nguvu. Alitafuta mikao ambamo pande mbili zilitofautiana kwa kete fulani tu, akaangalia nani alishinda na mara ngapi. Aliona kwamba farasi na askofu mmoja wanalingana kwa wastani, kila mmoja akiwa na thamani ya 3.25, na kwamba jozi ya maaskofu huongeza nusu askari juu ya thamani ya maaskofu wenyewe. Aliona pia kwamba nusu hiyo haikai palepale. Askari wakiwa wengi ubaoni, nyongeza hupungua. Askari wakipukutika, huongezeka. Sababu ni hii: askari ndio wanaoziba mishazari.

Sasa tunaweza kueleza kafara. Kutoa kafara ni kuacha kete iliwe kwa hiari, bila kurudishiwa kete ya thamani sawa, kwa kutegemea faida ya namna nyingine. Chukua kafara ndogo kabisa, ya askari mmoja ili kupata jozi ya maaskofu. Umetoa 1. Umepokea 0.5. Hesabu inakudai nusu nyingine. Wanafunzi wengi husikia kwamba jozi ni silaha kubwa, wakatoa askari, wakangoja jozi ijifanyie kazi, wakashindwa polepole wasijue kwa nini. Nusu ya pili haipo ndani ya jozi. Lazima iwe inaonekana ubaoni kabla askari hajatolewa: mishazari iliyo wazi, kete za adui zilizochelewa kutoka nyumbani, au mfalme wa adui aliyekosa mlinzi wa rangi fulani. Asiyeweza kuitaja nusu hiyo kwa kidole, mraba kwa mraba, asitoe kitu.

Tuione katika mchezo halisi. Mwaka 1918, jijini New York, Frank Marshall alimtolea askari José Raúl Capablanca kwa mpango ambao tangu hapo unaitwa Shambulizi la Marshall. Capablanca alijilinda akashinda, lakini mpango wenyewe haukufa. Ulirekebishwa, na ungali unachezwa katika ngazi ya juu kabisa. Ufuatao ni mmoja wa mikondo yake iliyorekebishwa. Nitaandika mraba kete inapotoka na mraba inapokwenda, upande mweupe kwanza.

1. e2–e4, e7–e5. 2. g1–f3, b8–c6. 3. f1–b5, a7–a6. 4. b5–a4, g8–f6. 5. Mfalme mweupe anaruka miraba miwili hadi g1 na ngome yake inahamia f1. Upande mweusi unajibu f8–e7. 6. f1–e1, b7–b5. 7. a4–b3, na mfalme mweusi naye anakwenda g8, ngome yake f8. 8. c2–c3, d7–d5. Hapa ndipo kafara inapotolewa. 9. Askari wa e4 anakula d5, na farasi wa f6 anamla hapo d5. 10. Farasi wa f3 anakula askari wa e5, na farasi wa c6 anamla farasi huyo. 11. Ngome ya e1 inakula e5, na upande mweusi unacheza c7–c6. 12. Askofu wa b3 anamla farasi wa d5, na askari wa c6 anamla askofu huyo. 13. d2–d4, e7–d6, na askofu huyo sasa anaitisha ngome ya e5. 14. e5–e3.

Simamisha mchezo hapo uhesabu. Kila upande una mfalme, malkia na ngome mbili. Upande mweupe una askari saba, mweusi una sita. Upande mweupe una askofu mmoja, aliye c1, na farasi mmoja, aliye b1. Upande mweusi una maaskofu wote wawili, mmoja d6 na mwingine c8. Hii ni kafara tunayoizungumzia katika umbo lake safi: askari mmoja kwa jozi.

Iko wapi basi ile nusu ya pili? Hesabu tena, safari hii hatua ambazo kila kete inaweza kupiga kutoka ilipo. Askofu mweusi wa c8 ana miraba sita: b7 upande mmoja, na d7, e6, f5, g4, h3 upande wa pili. Askofu wa d6 ana kumi: c7 na b8, e7, c5, b4 na a3, e5, f4, g3, na h2 ambapo angekula askari. Jumla ni hatua 16. Askofu mweupe wa c1 ana mraba mmoja tu, d2, kwa kuwa b2 pana askari wake na e3 pana ngome yake mwenyewe. Farasi wa b1 ana miwili, a3 na d2. Jumla ni 3. Upande mweupe una askari wa ziada, lakini askofu na farasi wake bado wamekaa walipopangwa mchezo ulipoanza, na muda wa kuwatoa utagharimu hatua ambazo mpinzani atazitumia kushambulia.

Tena angalia rangi. Askofu mweupe aliyebaki anatembea kwenye rangi nyeusi. Mwenzake wa rangi nyeupe aliuawa d5. Kwa hiyo askofu wa c8 hana mpinzani wa rangi yake ubaoni: miraba f5, g4, h3, e4 na d3 inaweza kulindwa na kete nyingine za upande mweupe, lakini hakuna askofu atakayemkabili hapo au kumlazimisha wabadilishane. Wakati huohuo askofu wa d6 anaelekea h2, mlango wa mfalme. Upande mweusi ukicheza d8–h4, malkia na askofu wanautazama mraba huo kwa pamoja, na jibu la kawaida ni h2–h3, hatua inayomsogeza askari mmoja wa ngao ya mfalme hadi kwenye mshazari wa yule askofu wa c8. Nusu ya pili imeonekana, na kila sehemu yake imetajwa kwa jina la mraba.

Kafara kubwa zaidi ni ya ngome. Ngome ni 5 na askofu ni 3.25, hivyo anayetoa ngome kwa askofu hupoteza 1.75. Lakini kama adui alikuwa na jozi na wewe huna, kumla askofu mmoja wa adui kunaivunja jozi hiyo, na nusu yake inapotea pamoja naye. Hasara inashuka hadi 1.25, na askari mmoja akipatikana baadaye imebaki robo tu. Tigran Petrosian alifanya jambo la namna hii dhidi ya Samuel Reshevsky katika mashindano ya Zurich ya mwaka 1953. Reshevsky alikuwa na maaskofu wawili na askari wenye nguvu katikati. Petrosian akaiweka ngome yake e6, mahali ambapo askofu wa rangi nyeupe angeweza kuila. Ilipoliwa, askari aliyelipiza alimjengea farasi makao ya kudumu pale d5, jozi ikawa imevunjika, na mchezo ukaisha sare. Kwa maoni ya mwandishi huu ni mfano bora kuliko kafara nyingi zenye kelele, kwa sababu kila kilichotolewa na kilichopatikana kinaweza kuhesabiwa.

Jozi hushindwa pia, na hushindwa kwa sababu zilezile zinazoipa nguvu. Askari wa pande mbili wakifungana katikati, kila mmoja akimzuia mwenzake asisonge, mishazari huzibwa na wastani wa 8.75 unabaki nambari ya ubao mtupu. Farasi, anayeruka juu ya kete nyingine, hapati tabu hiyo, na akipata mraba ambao askari hawezi kumfukuza humzidi askofu. Vilevile jozi ni dhaifu dhidi ya mabadilishano: adui akifanikiwa kubadilisha kete moja na askofu mmoja, jozi imekwisha na kilichobaki ni askofu wa rangi moja na deni la askari. Kwa hiyo aliyetoa askari hana budi kuufungua mchezo na kuwakinga maaskofu wote wawili wasibadilishwe kwa urahisi.

Kuna hali moja inayoionyesha nguvu ya jozi ikiwa peke yake, bila askari hata mmoja ubaoni: mfalme na maaskofu wawili dhidi ya mfalme na farasi. Mwaka 1851 Josef Kling na Bernhard Horwitz walichapisha mkao ambamo farasi na mfalme wake hujikinga karibu na kona, wakahukumu kwamba ni sare. Hukumu hiyo iliaminiwa kwa zaidi ya miaka 130. Mwaka 1983 Ken Thompson, mmoja wa waliounda mfumo wa kompyuta wa Unix, aliipa mashine kazi ya kuchunguza kila mkao unaowezekana wa kete hizo tano, ikianzia kwenye mati na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Matokeo yalionyesha kwamba maaskofu hushinda karibu kila mara, ingawa ushindi unaweza kuhitaji hadi hatua 66. Kinga ya Kling na Horwitz huvunjwa. Farasi hulazimika kutoka konani, hujaribu kujikinga kwenye kona nyingine, na hatimaye hunaswa. Kwa kuwa kanuni za mchezo huruhusu kudai sare zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, shirikisho la dunia, FIDE, liliongeza kikomo hicho kwa muda kwa mikao michache kama huu, kisha likarudisha 50 kwa michezo yote.

Msomaji aliyefuata hadi hapa aupange tena ule mkao wa baada ya hatua ya 14 na aucheze na mwenzake mara mbili, kwanza akiwa na jozi, kisha akiwa na askari wa ziada. Akiwa na jozi, kila baada ya hatua tano ahesabu miraba ya maaskofu wake kama tulivyofanya. Akiwa na askari wa ziada, lengo lake la kwanza liwe kumtoa askofu wa c1 na farasi wa b1, na la pili kumbadilisha askofu mmoja wa mwenzake. Akiyatimiza yote mawili huku askari wake angali hai, atakuwa amebaki na faida ya askari mzima.